Shangazi, Nimemtafuta Bi Yakuti

Nyumba ya Wapakizi, chumba cha nyuma,
Mtaa wa Ghala la Saruji.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla ya lolote nataka kujua hali yako. Miguu vipi, bado inavimba ukisimama sana? Na lile jicho la kushoto, bado linakunyima kushona? Naomba barua hii ikukute umekaa. Kama imekukuta umelala, basi iwe ni kwa uvivu na si kwa maradhi, maana uvivu tunauweza.

Mimi huku ni mzima, kwa kiasi ambacho mbeba mifuko ya saruji anaweza kuwa mzima. Mgongo unalalamika nami nauambia unyamaze, tuna lori lingine. Kifua kimejaa vumbi. Asubuhi nikikohoa, mwenzangu wa chumbani ananiuliza kama najenga nyumba humo ndani na imefika usawa wa dirisha. Ni vumbi tu, usihangaike.

Wewe Kitindamimba, unayemsomea mama yako barua hii, nakusalimu sana. Nina ombi moja kwako. Soma polepole, usiruke mstari, na usilainishe neno lolote kwa kumhurumia. Ukiona amenyamaza, nyamaza naye, kisha endelea. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniagiza hivyo.

Shangazi, nirudie ulichonituma, ili ujue sikukigeuza njiani. Redio ilitangaza kwamba Bi Yakuti, yule mwimbaji wa zamani ambaye maisha yako yote umeambiwa ni mama yako mzazi, hakuwa mama yako. Mtangazaji alisema hilo lilikuwa jina la kisanii la mwanamke mwingine kabisa, akamtaja hadi mtaa anaokaa. Tangu siku hiyo wale waliokuwa wanakuita Binti Yakuti kwa heshima wakaanza kukuita Binti Redio kwa kicheko. Ukaifunika gramafoni kwa kitambaa. Ukanipigia simu, ukasema: "Wewe uko kwenye jiji lenyewe alilokwenda kuimba. Nenda kaulize. Nataka kujua kama ile sauti niliyokua nayo ni ya mama yangu. Usiniletee pole, niletee jibu."

Jibu ninalo. Limekula karibu siku zangu zote za mapumziko za mwaka huu. Si lile ulilokuwa unalitaka, wala si lile alilolitangaza yule bwana. Nitakupa kwa mpangilio nilivyolipata, kwa sababu hata mimi ningeambiwa lote kwa mkupuo nisingeliamini.

Nilianzia redioni. Mtangazaji ni kijana mpole, ila sauti yake ni kubwa kuliko kifua inamotoka. Nilimwuliza alijuaje habari ile. "Kaka, mbona imeandikwa," akasema, akanifungulia ukurasa wa mtandao kwenye simu yake. Nikausoma, kweli imeandikwa. Nikashukuru, nikatoka. Mimi mtu wa darasa la sita, nikionyeshwa maandishi hunywea. Nilirudi chumbani nikajua tumeshindwa.

Aliyenitoa kwenye unyonge huo ni mama wa maktaba. Mpakizi mwenzangu mmoja aliniambia maktaba ya jiji ina chumba cha santuri za zamani, nikaenda nikiwa nimetoka kazini moja kwa moja. Mlinzi alinizuia mlangoni nikung'ute nguo kwanza. "Wewe mvua ikikukuta na vumbi hilo utaganda," akasema, "tutakuhesabu ukuta." Nilicheka, na nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Mama huyo ni mfupi, mkali, ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na huitafuta ile ya kichwani kila wakati. Aliusoma ukurasa ule ule wa mtandao, kisha akaniuliza kama nilifika chini kabisa. Sikuwa nimefika. Chini paliandikwa kwamba habari hiyo imetoka kwenye kipindi cha redio, kipindi kile kile cha yule kijana.

"Unaona?" akasema. "Redio imesema kwa sababu mtandao umeandika, na mtandao umeandika kwa sababu redio ilisema. Ni walevi wawili wanaosindikizana nyumbani. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayejua njia."

Alichimba mpaka akapata mwanzo wake. Ni simu moja tu, iliyopigwa kipindini miaka ya nyuma na mama mmoja aliyesema Bi Yakuti ni mama yake. Basi. Hapo nikafurahi, Shangazi, nikamwambia: kumbe sisi ndio wa kweli.

Akaniuliza: "Ninyi nani aliwaambia?"

Nikasema, mama mkubwa wenu, aliyewalea wewe na baba.

"Yeye alimwona mdogo wake akiimba?"

Nikasema hapana, alisikia wimbo redioni akasema huyu ni mdogo wangu.

"Basi na ninyi ni mlevi wa tatu," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Niliumia. Lakini nilikaa pale pale, na baada ya muda akanionea huruma, akanieleza jinsi ya kufanya. Nitafute mtu aliyekuwemo chumbani siku wimbo uliporekodiwa. Kisha nitafute mwingine aliyekuwemo, ambaye hajaongea na wa kwanza. Wakisema jambo moja bila kupangana, nirudi kwake. "Na usimwambie mtu unachotaka kusikia," akanionya. "Wazee ni wakarimu. Ukiwaonyesha njaa yako watakupakulia."

Siku nyingine niliyokwenda akanichezea santuri zenye jina la Bi Yakuti, zile ambazo maktaba inazo. Sikio langu ni la mtu wa kusikia honi za malori, lakini hata mimi nilisikia. Sauti hazifanani. Ile ya kwanza kabisa ni wimbo wa kusifia sabuni. Ndiyo, sabuni ya kufulia. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameagiza atungiwe. Inaimbwa na sauti nzito, ya kukwaruza kidogo, kama mtu anayeita watu waje kula. Zinazofuata zote ni sauti nyembamba, laini, ile tunayoijua.

Kati ya hizo ni ile yako, "Lala, Mlango Uko Wazi". Mama wa maktaba alinionyesha namba ndogo zilizokwaruzwa kwa mkono karibu na karatasi ya katikati, akasema hizo zinaonyesha ipi ilitangulia kurekodiwa. Sabuni ndiyo iliyotangulia. Wimbo wako ulifuata baadaye.

Alipouweka wimbo wako, nilijiona niko sakafuni kwako, mdomo umejaa viazi vya moto. Wimbo wa mama anayemlaza mtoto, akimwambia mlango hautafungwa mpaka arudi. Ulikuwa unatuambia ulitungiwa wewe. Na baada ya ubeti wa pili, kile kikohozi. Unakumbuka tulivyokuwa tunakisubiri? Tulikuwa tunakohoa wote pamoja na santuri, kwa mkupuo, nawe unacheka unasema mama alikunywa maji ya baridi kabla ya kuimba. Baba peke yake hakucheka. Baba alikuwa hakisikilizi kabisa. Ukishaweka ile santuri, ubeti wa kwanza anakaa, wa pili ukianza anasimama, anakwenda nje kuangalia kitu ambacho hakihitaji kuangaliwa. Tulisema ana hasira na mama yake aliyewaacha.

Mtu wa kwanza niliyempata ni mpiga ngoma. Anaitwa Kiganja, na jina hilo linatajwa ndani ya nyimbo zenyewe, mwimbaji anapomwambia apige. Niliuliza kwa wapiga muziki wa harusi, wakanituma kwa wapiga muziki wa misibani, nao wakanituma nyuma ya karakana moja ya matairi. Anakaa huko kwenye chumba kisicho na dirisha, mikono imevimba vidole havikunjiki, lakini mdomo bado unafanya kazi ya mwili mzima.

"Nani kakutuma? Redio?"

"Shangazi yangu, mzee."

"Basi kaa. Redio ningeidanganya."

Nikamwuliza Bi Yakuti alikuwa nani. Sikuongeza neno, kama nilivyoonywa.

"Bi Yakuti hakuwa mtu," akasema. "Lilikuwa gauni. Gauni la Bwana Santuri."

Bwana Santuri ndivyo walivyomwita mwenye kampuni ya kurekodi. Alikuwa na jina moja la mwanamke, alilolibuni mwenyewe, na kila mwanamke aliyeingia kuimba aliandikwa jina hilo. Wateja walinunua Bi Yakuti, hawakununua mtu. Mwimbaji akidai zaidi, au akiolewa, au akifa, anaondoka na sauti yake na jina linabaki kabatini likimsubiri mwingine. Kiganja alisema gauni lenyewe pia lilikuwepo, jekundu, la kupigia picha. Kila mwanamke alivalishwa lile lile, likabanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo, akageuzwa uso pembeni ili asitambulike.

Nikamwuliza wa kwanza kuvalishwa alikuwa nani.

"Mfuaji wa nguo wa nyumbani kwa Bwana Santuri. Mwembamba, mrefu. Alikuwa anaimba akisuuza, na bwana akamsikia kutoka dirishani. Mkono wa kushoto alikuwa na kovu la moto, hapa, linafanana na jani."

Shangazi, sikuwa nimetaja kovu. Wewe ndiye uliyeniambia zamani habari za kovu la uji, na kwamba ukiwa mdogo ulikuwa unalishika ndipo upate usingizi. Niliinamisha kichwa nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Basi, la kwanza ni hili: mama yako aliwahi kuwa Bi Yakuti. Hawakukudanganya kwa hilo. Yeye ndiye wa kwanza. Lakini alichoimba ni wimbo wa sabuni, na baada ya hapo kifua hakikumruhusu tena.

Kiganja aliniambia na jambo jingine, kuhusu wimbo wako. Mama wa maktaba akaniagiza nilikalie kimya mpaka nilisikie kwa mtu wa pili. Nami sitalisema hapa mpaka nifike mahali pake.

Mtu wa pili ni yule aliyetajwa redioni. Yu hai bado, ila ni uhai wa kubahatisha. Anakaa kwa binti yake, ghorofa ya juu ya jengo lenye ngazi zinazonuka mafuta ya taa. Binti yake ndiye aliyepiga ile simu, na aliponifungulia mlango hakunikaribisha.

"Mmekuja kutaka nini? Mama yangu hana kitu. Alichobaki nacho ni hilo jina."

Nilimwambia sikuja kuchukua, nimekuja kuuliza, na kwamba nikizuiwa nitarudi tu maana nimezoea kupanda ngazi nikiwa na mzigo, leo sina. Alinitazama buti zangu nyeupe kwa saruji. Akasema nivue, nisimharibie sakafu.

Bibi amelala kitandani kando ya dirisha, mdogo kama nguo zilizokunjwa. Sauti yake imekwisha, anaongea kwa pumzi. Sikumwambia mimi ni nani. Nilisema nimeleta wimbo, kama atapenda kuusikia. Mama wa maktaba alikuwa amenirekodia kwenye simu. Nikaiweka simu juu ya mto, karibu na sikio lake, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikafunga mdomo.

Ubeti wa kwanza midomo yake ilikwenda na maneno yote. Binti yake alikunja mikono, ananiangalia kama anayesema, unaona sasa? Na kweli niliona. Sauti ile ilikuwa yake. Hata kwa pumzi tu, kupanda na kushuka kwake kulikuwa kule kule. Nilijua pale pale, Shangazi, kwamba sauti uliyokua nayo si ya mama yako. Ubeti wa pili ukaisha. Kikaja kikohozi.

Bibi akainua kidole.

"Huyo hapo," akasema. "Huyo ndiye mwenye wimbo."

Ndilo jambo lile lile alilonieleza Kiganja, na wawili hao hawajaonana tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Wimbo ni wa mama yako. Alikuja nao kutoka nyumbani, ndio aliokuwa anawalaza nao wewe na baba. Hakuweza tena kuuimba, kwa hiyo akamfundisha yule mwenzake, uani, kati ya mashuka yaliyoanikwa, siku baada ya siku mpaka akaushika. Siku ya kurekodi aliomba awepo. Wakamketisha kwenye kreti la soda karibu na mlango, kitambaa cha kuzibia kikohozi mkononi, akifuata maneno kwa midomo ili mwenzake asipotee.

Wakati ule mashine ilikuwa inachonga sauti moja kwa moja kwenye sahani. Ukikosea huwezi kufuta, unatupa sahani unaanza nyingine. Alijizuia ubeti wa kwanza. Alijizuia wa pili. Kisha akashindwa. Wote walishtuka, kasema Kiganja, ila mikono yake haikusimama kwa sababu iliogopa. Mwimbaji naye akaendelea. Bwana Santuri hakutaka kuharibu sahani nyingine kwa ajili ya mfuaji, akaiachia ikauzwa hivyo hivyo. Ila aliamuru mkohoaji atolewe nje, na nyimbo zilizofuata siku hiyo zikarekodiwa yeye akiwa amekaa barazani. Hizo hazina kikohozi. Mama wa maktaba alizisikiliza zote kuhakikisha.

Nilimwambia bibi kwamba mimi ni mjukuu wa yule aliyekohoa. Alinishika mkono, akaugeuza, akautazama kama anayetafuta kovu.

"Yule msichana mdogo," akauliza, "yu hai?"

Nikasema yu hai, na ana wimbo.

Binti yake alikwenda dirishani, akakaa huko.

Mengine niliyopata kwake nakupa hivi: kifo cha mama yako wamenieleza wote wawili, na maneno yao yanafanana. Mvua za mwaka ule hazikuisha naye yupo. Alifia wodi ya watu wengi, akazikwa makaburi ya jiji, upande usio na majina. Wote wawili walikuwepo. Nilikwenda kuangalia. Ni majani, yanafika kiunoni, na ng'ombe wa mtu. Nilisimama mahali ambapo huenda ni pake na huenda si pake, nikaomba, nikaondoka. Sikutaka kukuletea kaburi la kubuni.

Kwa nini alikuja huku, hilo nina mdomo mmoja tu. Bibi anasema hakuja kuimba. Alikuja kutafuta matibabu ya kifua, wakamrudisha mlangoni, akaamua hatarudi nyumbani na kikohozi kile kwa watoto wadogo. Kama ni kweli, basi hakuwaacha kwa ajili ya umaarufu kama tulivyosema miaka yote. Ningependa sana iwe kweli. Kwa sababu ninapenda sana, sikuandikii kwamba ni kweli. Nakuandikia kwamba mtu mmoja amesema.

Na ile picha ukutani kwako, mwanamke wa gauni jekundu aliyegeuza uso, niliwaonyesha wote wawili ile nakala uliyonitumia. Kiganja anasema ni mama yako. Bibi anasema hapana, ni yeye mwenyewe, anakumbuka kibanio kilivyomchoma. Wamegongana, nami sina wa kuwaamua. Iache ukutani, ila mtu akikuuliza, mwambie hujui.

Kuhusu baba. Alikuwa mkubwa kuliko wewe mama yenu alipoondoka. Alikuwa anaikumbuka sauti, lazima. Na alikuwa anatoka nje ubeti wa pili, kila mara, kabla ya kikohozi. Nimekuwa nikibeba wazo hilo pamoja na mifuko. Huenda alijua nini si chake kwenye ile santuri na nini ni chake. Lakini amekwisha kufa, hakusema, na mimi sina chanzo. Mama wa maktaba angenifukuza. Kwa hiyo hilo nalo lipime mwenyewe, wewe uliyelala naye kitanda kimoja mkiwa watoto.

Sitakuficha kwamba nilitaka kukudanganya. Ni rahisi. Ningeandika mstari mmoja, sauti ni ya mama, redio ni waongo, ungefurahi na mimi ningelala siku zangu za mapumziko. Mwenzangu wa chumbani alinishauri hivyo hivyo. "Mzee wa watu anataka kuchukua wimbo aende nao. Mpe." Nilifika mpaka kukaa na karatasi. Lakini ulisema usiniletee pole. Na huku tunaishi kwa kuambiwa uongo kuanzia mzani wa mfuko hadi siku ya malipo. Nikaona nisikuongezee.

Nilipokuwa navaa buti mlangoni, yule binti wa bibi alinifuata. Alikuwa ametulia, lakini hofu haijamtoka. "Msije mkamnyang'anya mama yangu sauti yake," akasema. Nikamwambia sauti ni ya mama yake, tutamwachia yote. Sisi tunachukua kikohozi. Akanifunika mkono kwa mikono yake miwili, akalia, na mimi nikashuka zile ngazi vibaya kuliko siku yoyote niliyobeba saruji.

Mama wa maktaba ameandika masahihisho, akayapeleka redioni na kwa wale wa mtandao: kwamba Bi Yakuti lilikuwa jina la kampuni, kwamba walilivaa wanawake zaidi ya mmoja, na ni nani alisema nini. Yule kijana aliahidi kuyasoma hewani. Bado hajayasoma. Ndivyo ilivyo. Wanaokuita Binti Redio huenda wasisikie kamwe, na sina la kufanya kwa hilo.

Ndani ya bahasha, kwenye kipande cha kitambaa, kuna memori kadi. Kitindamimba ataiweka kwenye simu. Humo mna wimbo wa sabuni. Ni wimbo wa kijinga, unasifia povu. Lakini sauti ile nzito ni ya mama yako, ni yenyewe, hakuna anayebisha. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani baba ameingia. Usiusikilize mbele za watu, watacheka maneno. Sikiliza peke yako.

Nisalimie Mjomba Fundi Saa na umwambie saa aliyonipa bado inachelewa. Nisalimie mama mdogo wa dukani, watoto wote wa marehemu kaka, na jirani Bi Kelele hata kama ni yeye aliyeanza kukuita Binti Redio. Kitindamimba, asante kwa kusoma. Mpe mama yako maji.

Shangazi, ukishapata nguvu, toa kile kitambaa juu ya gramafoni. Weka wimbo wako. Msikilize yule mwanamke mwingine, aliimba vizuri na hakukukosea. Ubeti wa pili ukiisha, usicheke, na usiwaruhusu watoto wakohoe. Nyamazeni wote. Hapo ndipo mama yako anapopita.

Mungu akutunze mpaka nirudi, na kama sitarudi mapema, akutunze hivyo hivyo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye na vumbi langu,

Maswali